Chuma kwa mbao ndani ya muungano: 5 kwa 4 ni kunyonyana?

Ngome_ya_Mto

Wakuu, salaam. Naomba mwenye hesabu anisaidie, maana huku kwetu muungano unataka kupasuka kwa jambo ambalo mimi naliona dogo.

Nacheza Travian, ule mchezo wa mtandaoni wa kujenga vijiji na majeshi, seva ya kasi ya kawaida, na kabila nililochagua ni Mrumi. Kijiji changu ni kile cha kawaida kabisa: misitu 4, machimbo ya udongo 4, migodi ya chuma 4 na mashamba ya nafaka 6. Nimesawazisha ngazi, kwa hiyo mbao, udongo na chuma kila kimoja kinanipa 200 kwa saa. Sasa hivi naunda malegionari tu. Mmoja anameza mbao 120, udongo 100, chuma 150 na nafaka 30. Chuma ndicho kinachoniishia kila siku huku mbao zimerundikana.

Miraba 12 ya ramani kutoka kwangu yuko mchezaji wa kabila la Kiteutoni, Mteutoni wa muungano wetu, uzalishaji wake unalingana na wangu. Yeye anafyatua watu wa virungu: mbao 95, udongo 75, chuma 40, nafaka 40. Shida yake ni kinyume cha yangu, chuma hana pa kukiweka. Nikaweka sokoni mbao 480, natafuta chuma 600. Akaikubali palepale, wala hakununa.

Kiongozi wetu alipoiona akaniandikia mbele ya kadamnasi kwamba nawanyonya wenzangu, na kwamba kwenye muungano wake biashara ni 1 kwa 1, mwenye tamaa atafute pengine. Watu wakaanza kuchangia, wengine hata hawajui tulibadilishana nini.

Sitaki kuambiwa "bei ni maelewano". Nataka kujua: haki ya mabadilishano kama haya inapimwaje? Kuna namna ya kuihesabu au kila mtu anasema lake?

Tai_Mweupe

Mkuu unajisumbua. Dhahabu 3 unamwita mchuuzi wa NPC, yaani wa mchezo wenyewe, si wa mchezaji, anakugeuzia ghala lote 1 kwa 1 hapohapo, humwombi mtu wala hutukanwi. Mimi nimeacha soko kitambo.

Ngome_ya_Mto

Dhahabu inanunuliwa kwa hela halisi, ndugu. Niichome kila siku kwa ajili ya chuma mia sita?

Bibi_Ghala

Kijana umeleta namba, nami namba nazipenda. Wengi huleta hasira tupu halafu wanataka tuwaamulie kesi. Kaa tuhesabu.

Bei iweke pembeni kwanza. Anza na hili: kama soko lingefungwa leo, kila mmoja wenu angepata nini? Wewe una chuma 200 kwa saa, gawa kwa 150, ni askari 1.33 kwa saa, yaani 32 kwa siku. Mbao ulizotumia ni 160 tu kwa saa. Hizo 40 nyingine zinalala ghalani na hazikuzalii kitu. Mwenzako anabanwa na mbao: 200 gawa kwa 95 ni virungu 2.1 kwa saa, kama 50 kwa siku. Chuma anachotumia ni 84, kinachobaki ni 116 kila saa. Hapo ndipo pa kuanzia, na mtu akikuletea hoja ya haki bila kujua namba hizi mbili, 32 na 50, mpuuze kwa adabu.

Sasa fungua soko kwa bei ya kiongozi wako, 1 kwa 1. Utatoa mbao mpaka pale ambapo mbao na chuma vyako vinakwisha pamoja. Ukivuka hapo mbao ndizo zitakazokubana, utakuwa umehamisha tatizo tu. Pale ni mbao 22 kwa saa. Askari wako wanafika 35 na nusu kwa siku. Yeye akipokea mbao 22 anafika virungu 56. Wewe umepanda kwa asilimia 11, yeye asilimia 11. Kumbe kiongozi wako si mjinga, bei yake inagawa faida nusu kwa nusu. Kwamba aliijua hesabu hiyo au alibahatisha, hilo ni lake na Mungu wake.

Njoo kwenye bei yako. Mbao 20 kwa chuma 25 kila saa, ambayo kwa siku ndiyo 480 kwa 600 uliyoweka. Wewe unafika askari 36 kamili, umepanda kwa 12.5. Yeye anafika virungu 55 na nusu, amepanda kwa 10.

Rudia kusoma hapo. Askari 35 na nusu dhidi ya 36. Virungu 56 dhidi ya 55 na nusu. Muungano mzima umechafuana kwa nusu askari kwa siku.

Nenda hata mwisho wa kamba. Soko lenyewe halikuruhusu kuvuka 2 kwa 1, basi chukua hiyo: chuma 2 kwa mbao 1. Wewe karibu 37, yeye 54. Bado yuko juu ya zile 50 alizokuwa nazo soko likiwa limefungwa. Hapo ungekuwa umejipakulia sehemu kubwa ya faida, asilimia 15 kwa 8, na mimi ningekusema. Lakini 12.5 kwa 10 siwezi kumnyanyulia mtu sauti.

Rungu_la_Jioni

Mimi ni Mteutoni kama huyo jirani yake, niongee kwa niaba ya ukoo. Bibi amehesabu vizuri ila kuna kitu kimoja amekionea huruma. Hicho chuma 116 kinachobaki kila saa hakina thamani ya nusu mbao kwangu ghala likishajaa. Kinachozalishwa juu ya ujazo kinapotea, hakuna anayekirudisha. Na kabla hakijapotea kinawaita wezi: mtu akitupeleleza akaona ghala limefura, usiku huohuo tunavamiwa. Kwa hiyo nikiona 480 kwa 600 nachukua huku nachekelea. Ningechukua hata 400 kwa 600 kama nalala na sitaingia mpaka kesho.

Kiongozi anayemtetea Mteutoni asiyelalamika angemuuliza kwanza.

Mlinzi_wa_Mpaka

Nami ni kiongozi wa muungano, si wa huyo ndugu, lakini sheria yangu ni hiyohiyo ya 1 kwa 1 na siioni kama udikteta.

Nyie mnaongea kama kila mchezaji anafungua kikokotoo kabla ya kubonyeza. Hawafanyi hivyo. Mgeni anaingia, ana soko la ngazi ya 1, mchuuzi mmoja, anataka udongo wa kumalizia jengo. Anaona tangazo la mwenzake wa muungano, anakubali bila kusoma. Baadaye anagundua alilipa mara mbili. Huyo hagombani, anaacha kuingia tu. Nimewapoteza watu kwa namna hiyo. Kwa 1 kwa 1 hakuna anayehitaji kusoma.

Halafu kuna jambo mnalolikwepa. Ziada kwa ziada ni rahisi, wote mnashinda. Kasheshe ni pale mtu anapobanwa. Kwetu kulikuwa na mwenzetu nafaka imeshuka mpaka karibu na sifuri, na jeshi linakula kuliko anavyozalisha. Ikifika sifuri wanajeshi wanaanza kufa, mnajua. Akaomba nafaka. Mtu wa muungano huohuo, jirani yake, akaweka tangazo la nafaka 1 kwa chuma 2. Yule akakubali, angefanyaje? Sasa kwa hesabu ya Bibi hata hapo aliyekuwa na njaa "yuko juu ya alivyokuwa soko likiwa limefungwa". Jeshi lingekufa, halikufa. Basi ni haki?

Bibi_Ghala

Hapana, si haki, na umenishika mahali pazuri.

Hesabu niliyoipiga inahitaji kitu kimoja ambacho sikukitaja: kwamba kila mmoja anaweza kusema sitaki na asiumie. Mteutoni wa huyu kijana akikataa anabaki na virungu 50, kesho atatafuta Mrumi mwingine, na Warumi wenye mbao za ziada wako tele. Mtu ambaye jeshi lake linakufa usiku huu hana "kesho nitatafuta". Kwake kikomo cha chini si namba tena. Aliyemwekea 2 kwa 1 alichokuwa akiuza ni saa zilizobaki, na zile saa hakuzizalisha yeye.

Kwa hiyo kwenye muungano ninaousimamia mimi, nafaka ya dharura haipiti sokoni kabisa. Inatumwa. Wachuuzi wanapakiwa wanakwenda, deni linaandikwa kwenye ukurasa wa muungano, linalipwa 1 kwa 1 kwa bidhaa yoyote anayoitaka mtumaji, vita ikipoa. Mwenye kutaka faida kwenye hilo namwonyesha mlango.

Ila usichukue kesi ya njaa ukaitumia kumfunga mikono aliye na ziada. Ni kesi mbili. Sheria ya 1 kwa 1 uliyoweka kwa ajili ya mgeni inamuumiza mtu mwingine usiyemwona: yule anayetaka mbao na hazipati. Angalia zile namba. Kwa 1 kwa 1 Mrumi anatoa mbao 22 kwa saa. Mteutoni, kama angepata anachotaka, angechukua 53 kabla udongo haujaanza kumbana. Mmoja anatoa 22, mwenzake anataka 53. Muungano wenye Wateutoni wengi utakuwa na foleni ya watu wanaotaka mbao kwa bei yako nzuri na hakuna anayeuza. Na yule Mrumi mwenye mbao atafanya nini? Ataweka tangazo wazi, nje ya muungano, 5 kwa 4, na jirani adui atalikubali kwa furaha. Nimeona matangazo ya namna hiyo yakiwalisha watu waliokuja kutupiga.

Mlinzi_wa_Mpaka

Hilo la kuuza nje nalikubali, linatokea. Lakini bei ikiachwa huru nani anaikagua?

Bibi_Ghala

Haijaachwa huru. Naweka ukingo: kati ya 4 kwa 5 na 5 kwa 4, upande wowote. Mgeni akibonyeza bila kusoma, hasara yake haiwezi kuvuka robo ya mzigo. Hapo huhitaji mkaguzi, unahitaji macho tu.

Na ukingo wenyewe nausogeza kadiri seva inavyozeeka, maana hakuna bei moja inayofaa mwanzo na mwisho. Tazama siku za mwanzo. Gharama za ngazi ya 1 ni hizi: msitu mbao 40, udongo 100, chuma 50, nafaka 60; chimbo la udongo 80, 40, 80, 50; mgodi wa chuma 100, 80, 30, 60; shamba 70, 90, 70, 20. Kijiji cha kawaida kikiinua vyote 18 kufika ngazi ya 1 kinahitaji mbao 1300, udongo 1420, chuma 1060, nafaka 800. Udongo juu kabisa, nafaka chini kabisa, na nafaka ina mashamba 6 wakati wengine wana 4. Idadi ya watu inakula kidogo, sawa, lakini bado wiki za mwanzo kila mtu ana nafaka na kila mtu analia udongo. Anayetoa nafaka 1 kwa udongo 1 siku hizo anabebwa.

Rudi miezi ya mwisho. Majeshi yamekuwa makubwa, kila askari anakula kila saa, na aliyekuwa anagawa nafaka bure sasa anailinda kama mboni ya jicho. Udongo huna wa kumpa. Ukiwa bado unang'ang'ania 1 kwa 1, mwanzo ulimwibia mwenye udongo, mwisho unamwibia mwenye shamba.

Tai_Mweupe

Na mchuuzi wa NPC anabaki 1 kwa 1 mwanzo mpaka mwisho 😀

Bibi_Ghala

Ndiyo, na ndiyo maana kwa mwenye dhahabu na ghala lililojaa maelfu kwa maelfu hakuna atakayemuuzia 5 kwa 4. Dhahabu 3 ni ileile ukigeuza mia sita au elfu sitini. Kwa mizigo mikubwa huyo NPC ndiye dari ya bei. Kwa mzigo wa siku wa huyu kijana, hapana.

Rungu_la_Jioni

Bibi, na miguu ya wachuuzi? Hujaigusa.

Bibi_Ghala

Nilikuwa naifikia, wewe unanikimbiza.

Mchuuzi wa Kirumi anabeba 500, anakwenda miraba 16 kwa saa. Wa Kiteutoni anabeba 1000, miraba 12. Wa Kigauli 750, miraba 24. Kwa umbali wenu wa miraba 12: Mrumi dakika 45 kwenda na 45 kurudi, Mteutoni saa moja na saa moja, Mgauli nusu na nusu. Ukigawa mzigo kwa muda wa safari nzima, mchuuzi mmoja wa Kigauli anasafirisha 750 kwa saa, wa Kiteutoni 500, wa Kirumi 333. Mrumi ndiye maskini wa soko, na ndiye aliyesemwa ananyonya.

Sasa hapa ndipo 1 kwa 1 inapochekesha. Kwa bei hiyo mbao zake za siku ni 533. Mchuuzi wa kwanza kajaza 500, wa pili anabeba 33. Saa moja na nusu njiani kwa ajili ya mbao thelathini na tatu! Kwa 480 anatoka mmoja, basi. Ukiwa na soko la ngazi ya chini, yaani wachuuzi wanaohesabika kwa vidole, yule wa pili ungemtuma kwingine akalete udongo. Ile nusu askari mliyokuwa mnagombania inakwenda na maji hapohapo.

Tena kumbuka tangazo likikaa sokoni bila mnunuzi, wachuuzi wako wamefungwa nalo, hawaendi popote. Bei ya ukaidi isiyochukuliwa mpaka jioni ina gharama kuliko bei ya ulegevu iliyochukuliwa saa hiyohiyo. Hili hakuna kiongozi anayelihesabu anapopanga sheria, kwa sababu halionekani kwenye tangazo.

Mlinzi_wa_Mpaka

Nimekuelewa. Ukingo wa 5 kwa 4 nitaujaribu kwetu, ila kwa wageni ambao vijiji vyao vina wakazi chini ya 200 nabaki na 1 kwa 1. Hao siwaachii kwenye hesabu za wachuuzi.

Bibi_Ghala

Hilo la wageni sina ugomvi nalo. Hata mimi mgeni nampelekea tu, sokoni akajifunzie na watu wa nje.

Ngome_ya_Mto

Bibi ubarikiwe. Nimempelekea kiongozi hesabu ya 35 na nusu dhidi ya 36, hajanijibu moja kwa moja ila ujumbe wake wa kunisema ameufuta. Yule Mteutoni naye kaniuliza kwa nini nilikuwa nakaa kimya wakati yeye hana tatizo na bei.

Sasa amekuja na lake. Anasema hataki kufungua soko kila siku, anataka mzigo mkubwa: mbao 1000 kwa chuma 1250. Kwa upande wangu ni wachuuzi wawili waliojaa, safi. Nikubali?

Rungu_la_Jioni

Kwake chuma 1250 ni wachuuzi wawili, wa pili amebeba 250 kwa saa mbili. Hajapiga hesabu huyo, tunaona aibu kwa niaba yake.

Bibi_Ghala

Mwambie 800 kwa 1000. Bei ni ileile. Wako wawili, mmoja kajaa na wa pili ana 300. Wake mmoja, kajaa mpaka shingoni, na yeye ndiye mwenye mwendo wa kobe, kwa hiyo mpunguzie yeye safari. Ziada yako ya mbao 20 kwa saa inafika 800 kila baada ya saa 40, basi mpange siku moja ndiyo, siku moja hapana, na mnavuta kidogo pale mwisho. Hakikisha ghala lako linabeba hizo 800 juu ya mbao unazozitunzia jengo linalofuata, maana zikifurika kabla hajaingia mtakuwa mmerudi kwenye kumwaga.

Na tangazo liwekee "muungano tu". Mara ya kwanza uliliacha wazi au ulilifunga?

Ngome_ya_Mto

Nililifunga, Bibi. Ndiyo maana kiongozi aliliona.